Kadi Nyekundu Pasipo Video: Uamuzi wa Kukaba kwa Juu, kutoka Saint-Denis hadi Embu

Katika raga hakuna kosa linalogawanya mashabiki kama kukaba kwa juu, yaani kumzuia au kumwangusha mwenye mpira kwa mguso unaopita mstari wa mabega yake, kwa sababu kitendo hicho hutokea kufumba na kufumbua, huonekana tofauti kutoka kila upande wa uwanja, na adhabu yake yaweza kuwa penalti tupu, kadi ya njano au kadi nyekundu inayobadili mchezo mzima. Kwa kawaida lawama humwangukia refa. Hata hivyo, ukifuatilia jinsi uamuzi wa namna hii unavyofikiwa pale penye kamera na wataalamu, kisha ukauliza ni nini kinachobaki cha utaratibu huo katika uwanja wa shule mjini Embu, ambako refa ana filimbi, washika vibendera wawili na macho yake mwenyewe, utaona kwamba sehemu kubwa ya kosa huwa imekwisha kutendeka mazoezini, miezi kadhaa kabla ya filimbi kupulizwa.

Utaratibu unaotumika leo ulitolewa na World Rugby, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, Machi 2021, ukichukua nafasi ya mwongozo wa Mei 2019 uliohusu kukaba kwa juu peke yake. Unamtaka refa ajibu maswali manne kwa mfululizo usioruka hatua. Kwanza hujiuliza kama kichwa au shingo ya mchezaji imeguswa. Ikiwa ndiyo, hujiuliza kama kulikuwa na mchezo mchafu au ni ajali ya mchezo tu, kwa maana si kila kichwa kinachogongwa ni kosa la mtu. Swali la tatu huhusu kiwango cha hatari, ambacho huhesabiwa kuwa cha juu pale mguso unapokuwa wa moja kwa moja, wenye nguvu nyingi, wa mchezaji asiyeumudu mwili wake au anayetanguliza bega, kiwiko au kichwa. Hatari ya juu huanzia kwenye kadi nyekundu. Ni baada ya swali la tatu tu ndipo swali la nne linaporuhusiwa, nalo ni kama ipo sababu ya kupunguza adhabu, kwa mfano mwenye mpira kuinama ghafla au kubadili mwelekeo sekunde ya mwisho, au mchezaji wa tatu kuingilia kati na kuvuruga mwendo wa mkabaji. Sababu hizo hazimsaidii aliyekusudia kuumiza, wala aliyefanya kitendo ambacho hakingekuwa halali kwa vyovyote, kama vile kumvamia mtu kwa bega bila kuzungusha mikono.

Mpangilio wa maswali ndio kiini cha jambo lenyewe. Shabiki huanza na swali la nne, akisema kwamba mchezaji hakukusudia, ilhali kutokukusudia hakumwondolei mtu kosa katika maswali matatu ya mwanzo. Refa akishakubali kwamba kichwa kimeguswa kwa nguvu na kwa kosa, yuko tayari kwenye kadi nyekundu na anatafuta sababu ya kushuka. Mabishano mengi ya vibandani hayana mwisho kwa sababu hii: watu wawili wanapanda ngazi moja kutoka ncha tofauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 28 Oktoba 2023 katika uwanja wa Stade de France, Saint-Denis, iliyochezeshwa na Wayne Barnes wa Uingereza. Kabla ya nusu saa ya kwanza kumalizika, nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alimkaba Jesse Kriel wa Afrika Kusini akiwa amesimama wima, bega lake likafika kichwani mwa Kriel. Barnes alionyesha kadi ya njano na kulipeleka suala hilo kwa afisa wa mapitio, mtu anayekaa katika chumba maalumu mbali na kelele za uwanja na ambaye hupewa muda usiozidi dakika nane kutazama picha kutoka kila upande, wakati mchezo ukiendelea na mchezaji akiwa nje. Jibu lilirudi kwamba hatari ilikuwa ya juu na hapakuwa na sababu ya kutosha ya kuipunguza, kadi ikageuka nyekundu, na Cane akawa mchezaji wa kwanza kutolewa kwa kadi nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume.

Mapema katika kipindi cha pili nahodha wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, alimgonga Ardie Savea kichwani, akapewa kadi ya njano na suala lake likapelekwa katika chumba kile kile, lakini kadi yake ilibaki ya njano. Wengi waliona upendeleo. Ukiupanda mlolongo wa maswali polepole, tofauti inaonekana: Cane alikuwa wima na nguvu ya mgongano ilikuwa yake, ilhali Kolisi alikuwa ameanza kushuka na mguso wake haukuwa na uzito ule, hivyo swali la tatu likapata majibu mawili tofauti kwa matukio mawili yaliyofanana machoni pa mtazamaji. Mtu anaweza kuyapinga majibu hayo kwa haki kabisa, mradi aseme anapinga swali gani. Na hoja kwamba kadi ile ndiyo iliyoiangusha New Zealand inahitaji tahadhari, kwa sababu Afrika Kusini ilishinda 12–11 kwa penalti nne za Handré Pollard zilizopigwa zote katika kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili timu iliyopungukiwa na nahodha wake ndiyo iliyopata alama zote tano zilizopatikana.

Nidhamu ya baada ya mchezo ina mkondo wake, na huko ndiko mfumo ulikowahi kuyumba zaidi. Tarehe 12 Agosti 2023, katika mechi ya maandalizi dhidi ya Wales, Owen Farrell wa Uingereza alimkaba Taine Basham kwa bega lililofika kichwani, kadi yake ya njano ikapandishwa kuwa nyekundu na chumba cha mapitio. Siku tatu baadaye kamati huru ya nidhamu iliifuta kadi hiyo, ikieleza kwamba mchezaji mwenzake Farrell, Jamie George, alimsogeza Basham sekunde ya mwisho na hivyo kulikuwa na sababu ya kupunguza adhabu. World Rugby ilikata rufaa, kamati ya rufaa ikairudisha kadi nyekundu, na Farrell akafungiwa mechi nne, zilizotokana na kiwango cha kati cha mechi sita baada ya kupunguziwa. Kosa la kamati ya kwanza halikuwa la macho, kwa kuwa picha zilikuwa zile zile. Lilikuwa la utaratibu, kwa maana iliipa uzito sababu ya kupunguza bila kuzingatia kwamba mkabaji hakujaribu kuzungusha mikono. Ikiwa wanakamati hao, wenye siku nzima na picha za taratibu, waliweza kuteleza hapo, hukumu ya mashabiki juu ya refa wa shule aliyeona tukio mara moja ingepaswa kuwa na huruma zaidi.

Katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, raga haina mizizi mirefu kama ilivyo Kakamega, Nakuru au Nairobi. Uwanja wa Moi mjini Embu, uliokarabatiwa kwa ajili ya Siku ya Madaraka ya tarehe 1 Juni 2023, unafahamika zaidi kwa soka na hafla za serikali, na mchezo wa mpira wa yai umebebwa hasa na shule za upili, All Saints Embu ikiwa jina linalojulikana katika raga ya shule za Mashariki. Katika mashindano ya shule, raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza na ile ya wachezaji saba muhula wa pili, washindi wakipanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, mkoa, taifa na hatimaye Afrika Mashariki. Katika ngazi za chini za safari hiyo hakuna chumba cha mapitio. Refa akiwa nyuma ya mkabaji huona mgongo wake na haoni bega linapoishia. Akiwa upande wa pili huona kichwa cha mwenye mpira kikitikisika lakini haoni kama mikono ilizungushwa. Maswali manne yanabaki yale yale, ila refa hulazimika kuyajibu yote kwa pumzi moja, na mara nyingi la kwanza tu ndilo analoweza kulijibu kwa uhakika.

Kinachoweza kumsaidia refa huyo ni mchezaji aliyefundishwa kukaba chini. Ufundi wenyewe unaelezeka: mkabaji husogeza mguu wa mbele karibu na mwenye mpira ili asilazimike kujirusha, hukunja magoti na nyonga badala ya kuinamisha kiuno tu, hulenga bega lake kwenye paja au kiuno cha mpinzani, huweka kichwa upande wa nyuma wa mwili ule ili kisibanwe chini yake, kisha huzungusha mikono na kuendelea kusukuma kwa miguu. Anayeinamisha kiuno peke yake hupoteza macho ya mbele na huishia kugonga goti kwa kichwa. Asiyeinama kabisa hugonganisha kichwa na kichwa. Utafiti wa World Rugby uliochunguza zaidi ya mechi 1,500 za ngazi ya juu ulionyesha kwamba asilimia 76 ya matukio ya kichwa yaliyohitaji uchunguzi wa kitabibu yalitokea wakati wa kukaba, na kati ya hayo asilimia 73 yalimpata mkabaji mwenyewe. Kijana anayekaba wima, basi, hujihatarisha yeye kwanza kabla ya kumhatarisha mpinzani, jambo ambalo makocha wangelitumia kuwashawishi wachezaji wao vizuri zaidi kuliko hofu ya kadi. Udongo mwekundu wa Embu nao una neno lake: Januari na Februari huwa mgumu hata wachezaji wanaogopa kushuka, na mvua za masika zikianza huteleza hata aliyeshuka vizuri akapoteza mguu, kwa hiyo mazoea ya kubaki wima hujengeka pasipo mtu kuyafundisha.

Raga ya wachezaji saba huongeza gharama ya mazoea hayo kuliko inavyodhaniwa. Mchezo una dakika 14 na kadi ya njano humtoa mchezaji kwa dakika mbili, yaani sehemu moja ya saba ya muda wote, ilhali dakika 10 katika mchezo wa dakika 80 ni sehemu moja ya nane. Tofauti hiyo ni ndogo; kubwa ni ya nafasi. Uwanja wenye upana wa mita 70 ukigawanywa kwa watu saba humpa kila mmoja mita 10 za kulinda, na akitoka mmoja kila aliyebaki hubeba karibu mita 12, wakati katika raga ya 15 pengo la mtu mmoja humwongezea kila mwenzake chini ya nusu mita. Wakenya wanayo kumbukumbu ya upande mzuri wa hesabu hii, yaani ulinzi usioacha mapengo: tarehe 17 Aprili 2016 huko Singapore, kikosi cha taifa cha wachezaji saba, Shujaa, chini ya kocha Benjamin Ayimba na nahodha Andrew Amonde kiliishinda Fiji 30–7 katika fainali. Fiji, ambayo huishi kwa kupasiana mpira hata baada ya kukabwa, ilipata trai moja tu.

Kuhusu kadi nyekundu ya dakika 20, ambayo humruhusu mchezaji mwingine kuingia baada ya muda huo na ambayo Baraza la World Rugby liliidhinisha Novemba 2024 ifanyiwe majaribio duniani kuanzia Januari 2025, inatosha kusema kwamba Ufaransa iliipinga waziwazi na kwamba ilibuniwa kulinda burudani ya mechi kubwa. Shule hazina burudani ya namna hiyo ya kulinda.

Suala zito zaidi kwa Embu ni muda wa kumlea mchezaji. Chini ya mfumo wa 8-4-4 kijana aliingia kidato cha kwanza akiwa na umri wa karibu miaka 14 na akawa na misimu minne ya kujifunza kukaba. Chini ya mtaala wa umilisi anaingia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, akiwa na mwaka mmoja zaidi na misimu mitatu tu mbele yake. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na kwa kuwa mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa mwaka 2023, mwaka 2025 shule za upili hazikupokea wanafunzi wapya kabisa. Timu za shule zimepoteza rika zima la chipukizi, na walio katika Gredi ya 7 hadi ya 9, yaani sekondari msingi, wako katika shule za msingi ambazo kwa sehemu kubwa hazina mwalimu wa raga. Hapo ndipo walimu wa michezo wa Embu wanapoombwa kuanzia: wapeleke mpira katika sekondari msingi kwa raga isiyo na kugongana, kisha wawafundishe wanafunzi wa Gredi ya 10 kukaba kuanzia kiunoni kwenda chini kabla hawajaruhusiwa kuingia katika mechi yoyote, hata kama sheria bado inaruhusu kufika mabegani.