Chomeka Bambo Hadi Chini: Kusoma Kura ya Maoni Kabla ya Mchujo

Mnunuzi wa nafaka anayeijua kazi yake hababaishwi na mchele ulio mdomoni mwa gunia. Huchomeka bambo ubavuni, tena kule chini, akatoa punje kiganjani, akazitazama na kuzinusa. Kura ya maoni nayo ni bambo. Taabu ya mchujo wa chama ni kwamba gunia lenyewe bado halijashonwa: punje zinaingia na kutoka mpaka asubuhi ya kupiga kura.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Mtanzania akisema “kura za maoni”, mara nyingi anasema mchujo wenyewe, ule wa wanachama wa chama tawala, CCM, kupendekeza wagombea. Mkenya ana maana ya utafiti wa asilimia, au hata kura ya kuamua katiba. Hapa namfuata Mkenya. Lakini huko Tanzania kuna jambo la kutangulizwa mbele ya hesabu zote, nalo ni kujua neno la mwisho ni la nani. Julai 2015, Edward Lowassa alikuwa na wafuasi tele, na jina lake halikufika hata kwenye tano bora za kugombea urais kwa tiketi ya CCM. Utafiti wa wananchi haupimi kikao. Ukiona asilimia za umma mahali ambapo wajumbe ndio waamuzi, ziweke kando.

Marekani neno la mwisho wameachiwa wapigakura, na ndiko ninakopenda kupeleka wanafunzi wa fani hii, kwa sababu makosa ya huko yameandikwa yote. La kwanza ni la Virginia, Juni 2014. Eric Cantor alikuwa kiongozi wa wabunge wa Republican walio wengi katika Baraza la Wawakilishi. Siku chache kabla ya mchujo, mtafiti wake mwenyewe alimpa asilimia 62 dhidi ya 28 za Dave Brat, mwalimu wa uchumi asiyejulikana sana. Brat akashinda kwa karibu asilimia 56.

Wahojiwa walikuwa 400, na kwa idadi hiyo kiwango cha makosa ni takriban pointi 5 huku au kule. Hakuna bahati mbaya ya sampuli inayoweza kula pengo la pointi 34. Kilichokosewa ni gunia. Mchujo wa 2012 katika jimbo lake la ubunge ulikuwa na wapigakura wapatao 47,000; safari hii walikuja 65,000 hivi. Virginia haiandikishi wapigakura kwa chama, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na waliouingia hawakuwa wale waliohojiwa. Tena utafiti ule ulikuwa wa kambi ya mgombea. Utafiti wa kambi ukivuja kwa waandishi, jua umevuja kwa sababu unapendeza. Ule wenye habari mbaya hukaa kabatini.

Kwa hiyo swali la mjuzi si “nani anaongoza?” bali “nani amehesabiwa kuwa mpigakura?” Hapo ndipo stadi hutengana na mbabaishaji. J. Ann Selzer, aliyelifanyia utafiti gazeti la Des Moines Register kwa miaka mingi, hakuanza na orodha ya waliowahi kushiriki mchujo wa Iowa kisha akawapigia simu hao tu. Aliwauliza watu wa jimbo lote kama watakwenda, akawaamini. Mwisho wa 2007, kwa mchujo wa urais wa Democratic, takwimu zake zilisema Barack Obama 32, Hillary Clinton 25, John Edwards 24, na kwamba wahudhuriaji sita katika kila kumi watakuwa wageni wa mchujo. Kambi pinzani zilimkejeli: wageni kiasi hicho watatoka wapi? Januari 3, 2008 walitoka. Waliohudhuria walikaribia mara mbili ya wale wa 2004, na Obama akapata kama asilimia 38. (Stadi naye huanguka. Katika uchaguzi wa urais wa Novemba 2024 Selzer alimweka Kamala Harris mbele Iowa kwa pointi 3, Donald Trump akashinda kwa 13. Njia nzuri haimpi mtu kinga.)

Kwetu gunia ni legelege zaidi. Aprili 2017 chama cha Jubilee cha Kenya kililazimika kuahirisha mchujo wake sehemu nyingi kwa kuwa karatasi za kura hazikutosha. Watu walifurika kuliko chama kilivyotarajia. Kama mwenye chama mwenyewe hakujua ni wangapi watakuja, mtafiti anayetangaza tarakimu baada ya nukta amezijulia wapi?

Kiwango cha makosa hakitaki maneno mengi. Wahojiwa 1,000 hukupa pointi 3 hivi, lakini kama kati yao wafuasi wa chama ni 350, soma pointi 5. Na hiyo ni ya kila mgombea peke yake. Kwa pengo kati ya wawili, karibu izidishe mara mbili. Mtu anayeongoza kwa pointi 4 hapo haongozi chochote.

Tarehe ndiyo husahaulika. Usisome ya kuchapishwa, soma ya mahojiano. New Hampshire ilipiga kura siku tano tu baada ya Iowa, Januari 8, 2008. Wastani wa tafiti ulimpa Obama uongozi wa pointi 8 hivi. Clinton akashinda kwa chini ya tatu. Tafiti nyingi zilikuwa zimefunga daftari kabla ya saa za mwisho, na katika mchujo saa hizo ni nzito. Wagombea wote ni wa nyumba moja, kwa hiyo mtu humwacha huyu akamshika yule bila kuona kwamba ameasi. Ndiyo maana asilimia ya wasioamua naisoma kabla ya jina la anayeongoza. Utafiti wa mchujo unaoonyesha wasioamua asilimia 3 umewabana watu.

Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu kuchapisha kura za maoni za uchaguzi inamtaka mchapishaji ataje mfadhili, mtafiti, tarehe, idadi ya wahojiwa, kiwango cha makosa na maneno yenyewe ya swali. Hilo la mwisho magazeti huliruka, nami naanza nalo. Majina yalisomwa yote? Kwa mpangilio unaozungushwa, ili wa kwanza asipendelewe?

Usidhani huo ni ukaidi wa mzee. Februari 1, 2020, siku mbili kabla ya mchujo wa Iowa, Des Moines Register na washirika wake walikuwa tayari kutangaza utafiti wao wa mwisho. Mhojiwa mmoja akalalamika kwamba hakusomewa jina la Pete Buttigieg, mmoja wa wagombea. Ilielekea kwamba mhojaji mmoja alikuwa amekuza maandishi kwenye kompyuta yake, jina la chini likakatika. Wenyewe wakaufuta utafiti mzima, usiku uleule, huku kipindi cha televisheni cha kuutangaza kikisubiri.