Al-Inkishafi na Mtu Mwenye Mali Nyingi

Katika tungo za kale za Waswahili, Al-Inkishafi ni mmojawapo wa zile ambazo mwalimu apendaye lugha hana budi kuujua. Mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alikuwa mtu wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Utenzi huu ulitolewa pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor katika kitabu cha sarufi cha Stigand mwaka 1915. William Hichens akautoa mwaka 1939, na James de Vere Allen akautoa tena mwaka 1977. Kwa kuwa unasema juu ya ubatili wa mali, mhubiri wa Kikristo aweza kudhani kwamba amepata humo hotuba iliyo tayari. Basi yafaa tuupime: wasema nini, na Injili yasema nini, ili tusichanganye maneno mawili yasiyo mamoja.

Kwanza tuupe utenzi haki yake. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne hurudi daima kwenye kina kile kile toka mwanzo hata mwisho, kama mtu arudiaye swali asilojibiwa. Na aulizwaye ni nani? Si jirani, wala si matajiri wa mji, bali ni moyo wa mtunzi mwenyewe. Huauambia kwamba ulimwengu ni bahari chafu yenye miamba, na asafiriye humo hupata hasara. Kisha auonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa yakiwaka taa usiku: leo ndege hulala katika vidaka vilivyowekewa vyombo vya thamani, na bundi hukoroma ndani. Waliokuwa wakilala juu ya magodoro laini na kupepewa, sasa wamo katika nafasi nyembamba ya kaburi. Tena hakuishia hapo, maana aleta siku ya hukumu, na aliyedhulumiwa asimama kumdai aliyemdhulumu. Mtunzi huyu hakuwasahau wanyonge. Asomaye magofu peke yake na kuiacha hukumu, hajausoma utenzi.

Lakini wahubiri wengi wapenda kuchukua magofu tu. Husema: mali hupita, basi usiipende. Hoja hii ni ya kweli, ila haitoshi, kwa kuwa yaweza kuzaa matunda mawili yaliyo kinyume. Mmoja asikiapo kwamba mali hupita, huiacha. Mwingine asikiapo neno lilo hilo, hufanya haraka kuila kabla haijapita. Mtume Paulo aliwajua watu wa namna ya pili, akawataja katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho. Tena, fukara asiye na chakula cha jioni apata faida gani kuambiwa kwamba karamu za Pate zimekwisha? Huenda akatoka kanisani akidhani kwamba hata njaa yake ni jambo dogo mbele za Mungu.

Sasa tumtazame yule mtu mwenye mali nyingi katika sura ya kumi ya Marko. Bwana Yesu hakumwambia kwamba nyumba yake itaanguka, wala hakumwonyesha makaburi. Marko atuambia kwamba alimtazama akampenda, kisha akamwagiza auze alivyo navyo, awape maskini, halafu aje amfuate. Twaona hapa watu wawili ambao mahubiri ya magofu hayana: maskini apokeaye, na Bwana atanguliaye. Mali haikuhukumiwa kwa sababu itaoza. Imetakiwa kwa sababu yuko mtu anayeihitaji leo.

Lugha yetu yatusaidia kufahamu. Neno tajiri, katika asili yake ya Kiarabu, ni mfanya biashara. Mtu huyu, basi, aliamriwa biashara moja ya mwisho: kuuza, na faida kumpa asiyeweza kulipa. Lakini neno hilo laweza kudanganya pia. Msikilizaji asiye na duka husema moyoni, mimi si tajiri, maneno haya ni ya mwenye duka. Mwalimu na kasisi nao waweza kusema hivyo, hali wanapokea mshahara kila mwezi katika kijiji ambamo wengi hawapokei. Tena liko neno kujikana. Petro alipomkana Bwana wake uani, alisema hamjui. Kitenzi ni kile kile, katika Kiswahili na katika Kiyunani cha Marko. Basi kujikana ni kusema hivyo juu ya nafsi yako: idaipo heshima na haki ya kwanza, uijibu kwamba huijui. Mtu aweza kugawa vyote na nafsi ikabaki juu ya kiti chake, ikisifiwa kwa ukarimu.

Hapo ndipo wengine hukimbilia upande wa pili. Klementi wa Iskanderia, aliyeishi mwisho wa karne ya pili na mwanzo wa karne ya tatu, aliandika hotuba nzima juu ya habari hii. Alifundisha kwamba kinachotakiwa kutupwa hasa ni tamaa iliyomo moyoni. Akauliza, kama hakuna mwenye kitu, nani atawalisha wenye njaa? Swali lake ni la haki. Lakini ni mlango ambao mchoyo aweza kupita akisema, moyo wangu umekwisha kuacha, na mkono wake bado umefumba. Wamsingiziao Klementi jambo hilo hawakumsoma mpaka mwisho, kwa maana amwagiza mwenye mali asingoje kuombwa, bali atoke mwenyewe kumtafuta mhitaji.

Basi hukumu yetu ni hii. Al-Inkishafi usomwe shuleni, usifiwe kwa lugha yake na kwa unyofu wake wa kuanza na moyo wa msemaji. Mhubiri aige unyofu huo kabla ya kupanda mimbarini. Lakini asidhani kwamba akiisha kuwaliza watu kwa habari za magofu amekwisha kuhubiri kujikana. Hotuba juu ya mali na ipimwe kwa swali moja: baada ya kusikilizwa, ni nani kijijini aliyepata kitu alichokuwa amekikosa? Kama hayuko hata mmoja, tumewahuzunisha watu tu. Na hata yule mtu wa Marko alikwenda zake akiwa na huzuni, na mali yake akaenda nayo.