Mtoto Anaonekana, Mnunuzi Haonekani

Desemba 1908, Lewis Hine alimpiga picha msichana mdogo katika kiwanda cha pamba cha Whitnel, North Carolina. Jina la mtoto hakuliandika. Aliandika jina la kiwanda, kimo cha mtoto (inchi 51) na ujira wake: senti 48 kwa siku.

Sisi tumezoeshwa picha za namna nyingine. Mvulana, nyundo, vumbi hadi kwenye kope, macho makubwa yanayokutazama. Chini yake umri na mkoa, basi.

Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto wa migodi midogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Ripoti ile inaeleza jinsi watoto wanavyochimba, wanavyoponda mawe na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu, na wafanyabiashara wa dhahabu nao wamo. Majina ya watoto yamefichwa, na ni haki yao.

Lakini ripoti hukaa kwenye kabati. Picha ndizo zinazosafiri. Na katika picha za aina hii anayefichika kuliko mtoto ni mnunuzi, ambaye hakuomba kufichwa. Pale Nyarugusu dhahabu haiishii mwaloni: huchomwa, ikapelekwa kwenye mizani ya mtu. Mizani hiyo sijaiona pichani. Wataniambia haina mvuto. Mpiga picha anayejua kuulaza mwanga juu ya shavu la mtoto, anashindwaje na mizani?