Kunjo Lijalo

Miongoni mwa vyombo vilivyotungwa na akili ya binadamu kwa ajili ya kuutumikia ufundi wa mshono, kipo kimoja kidogo, cha chuma kilichovikwa nikeli, kinachokaa chote katika kiganja cha mkono, ambacho aghalabu hulala miaka mingi katika mtoto wa meza ya cherehani bila ya mwenye nyumba kuijua kazi yake. Nacho ni kile kipachikwacho penye mguu wa cherehani ili kutia alama za makunjo. Wengi hukiona, wakakigeuza huku na huku, wakavistaajabia vijirula vyake viwili vyenye tarakimu na wenzo wake mwembamba uliokaa juu ya kamani, kisha wakakirudisha mahali pake. Nataka kukisifu, na sababu yangu ni kwamba katika ufundi huu sijaona chombo kingine ambacho, kwa pigo lile lile la sindano, huimaliza kazi ya sasa na kuiandalia njia kazi inayofuata.

Kunjo ninalolikusudia si rinda. Rinda hukunjwa likashikwa upande mmoja tu, kiunoni au begani, na upande wa pili likaachwa huru lifuate mwendo wa mvaaji. Bali kunjo la kushonwa hufungwa kwa uzi urefu wake wote, sambamba na ukingo wake, likalala juu ya nguo halitoki tena mahali pake mpaka uzi ufumuliwe. Mapenzi ya mwanadamu kwa nguo iliyokunjwa ni ya kale mno: vazi la kitani lililofukuliwa Tarkhan, nchi ya Misri, katika machimbo ya Flinders Petrie mwaka 1913, ambalo leo limehifadhiwa London, lina mikunjo myembamba mikononi na kifuani, na umri wake umepita miaka 5,000. Aliyelikunja alikuwa na kitani chake tu, asiwe na nakshi wala hariri ya kuongezea, akaona kwamba nguo yenyewe, ikikunjwa kwa kipimo, huzaa kivuli, na kivuli hicho kikikaririwa huwa pambo.

Hiyo ndiyo siri ya uzuri wa makunjo, na ndiyo sababu yanapendeza zaidi juu ya nguo nyeupe kuliko juu ya nguo ya maua. Bafta nyeupe haina la kujivunia. Lakini ipitishe makunjo kumi membamba kifuani, nayo hupata mistari ya kivuli ambayo hubadilika kadiri mwanga unavyobadilika, asubuhi mirefu na mizito, adhuhuri hafifu. Wacuba wanalijua jambo hili, kwani shati lao la guayabera, linalovaliwa hata katika hadhara kubwa, fahari yake yote imo katika safu za makunjo membamba zishukazo kutoka mabegani hadi pindoni. Mabibi wa Ulaya na Marekani nao, kwenye mwaka 1900 na miaka iliyouzunguka, walivaa blauzi na magauni meupe yaliyojaa makunjo shingoni, kifuani na mikononi, wakayachanganya na lesi.

Kisha kuna makunjo ya haja. Mama mwenye busara, akimshonea binti yake gauni, huacha nguo ya ziada akaikunja makunjo mawili matatu mapana juu ya pindo. Mtoto akirefuka, hufumuliwa moja, na gauni likarefuka pamoja naye. Hapo pambo na akiba vimekuwa kitu kimoja, na mgeni anayelitazama gauni hawezi kujua kipi kilitangulia katika nia ya mshonaji.

Walakini uzuri huu una sharti moja kali, nalo ni usawa. Jicho la binadamu ni karimu katika mambo mengi, lakini halisamehi mistari isiyolingana. Mbaya zaidi, kosa la kunjo halikai peke yake. Kila kunjo hula nguo mara mbili ya upana wake, kwa kuwa lina uso na mgongo: kunjo la thumni ya inchi hula robo inchi, na makunjo ishirini ya kipimo hicho hula inchi 5 kamili. Sasa chukua mshonaji ambaye mkono wake humpotezea robo ya thumni tu katika upana wa kila kunjo, kiasi ambacho hata yeye mwenyewe hakioni. Akifika kunjo la kumi na sita nguo imempungukia inchi nzima, na upande wa kulia wa blauzi haukubali kukutana na upande wa kushoto. Ndiyo maana mafundi wastahiki hawakati kwanza wakakunja baadaye. Hukunja kwanza kitambaa kizima, kisha wakaweka kigezo juu yake na kukata.

Kabla ya cherehani, kazi hii ilifanywa kwa kadi iliyotiwa pengo penye kipimo, kwa ukucha na kwa subira. Mshonaji aliipima nguo, akaikunja, akaipitishia ukucha, akashona, akaifungua, akapima tena. Cherehani ilipokuja haikumwondolea taabu hiyo. Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa alipata hataza yake mwaka 1830, Elias Howe wa Marekani mwaka 1846, Isaac Singer mwaka 1851. Na kila mmoja alishughulika na mshono wenyewe, namna ya kufunga uzi upesi na kwa uthabiti. Matokeo yake ni kwamba kushona kunjo kulikuwa sahali, lakini kulipima na kulikunja kulibaki vile vile, hata mshonaji akawa anasimamisha gurudumu kila mara ili arudi kwenye kadi na ukucha wake.

Hapo ndipo walipoingia watu ambao majina yao hayakupata umaarufu wa hao niliowataja, wale waliotumia akili zao kuvitunga vile vidude vidogo vya kupachika: cha kukunja pindo, cha kupiga marinda, cha kutia upapi, na hiki cha makunjo. H. C. Goodrich wa Chicago alijulikana kwa kifaa chake cha kutia alama za makunjo, na kiwanda cha Griest, katika mji wa New Haven, Connecticut, kilivitengeneza vifaa vya namna hii kwa ajili ya cherehani za wenye viwanda wengi. Cherehani nyingi za Singer za zama zile ziliuzwa pamoja na kisanduku cha mti kilichochongwa kwa ustadi, ambacho kikifunguliwa hulala bapa kama ubao, kila chombo kimekaa katika nafasi yake. Juu ya visanduku hivyo ilipigwa tarehe ya hataza, 19 Februari 1889. Nakiri kuwa nakiheshimu kisanduku kile takriban sawa na vilivyomo ndani yake, maana mtu aliyekichonga alijua kwamba chombo kisicho na mahali hupotea.

Na sasa nieleze kazi ya kifaa chenyewe, kwani sifa isiyo na maelezo ni maneno matupu. Hupachikwa mahali pa mguu wa kawaida. Kina kijirula cha kwanza, chenye kizuizi upande wa kulia wa sindano: ukingo wa kunjo hugusa kizuizi hicho, na umbali baina yake na sindano ndio upana wa kunjo. Tarakimu 1 ni thumni ya inchi, na 8 ni inchi nzima. Kina kijirula cha pili upande wa kushoto, kinachobeba ulimi wa kutia alama. Kila sindano inaposhuka, kishikio chake huukanyaga wenzo, wenzo ukaugandamiza ulimi, ulimi ukaibana nguo juu ya kijino kilicho chini yake. Sindano ikipanda, kamani huunyanyua wenzo, nguo ikasogea mbele hatua ya mshono mmoja, na pigo likarudiwa. Basi mshonaji anapofika mwisho wa kunjo alilonalo, huona upande wa kushoto mstari mwembamba, ulionyooka kama mshono wake, unaomwonyesha pa kukunja tena. Hahitaji kadi wala ukucha. Huikunja nguo penye mstari ule, akairudisha chini ya sindano, akaendelea.

Lakini hikima kubwa imo katika tarakimu za kijirula cha pili, na hapa namwomba msomaji anivumilie kidogo. Tarakimu zake zimeachana mara mbili ya zile za kijirula cha kwanza: 1 yake si thumni, ni robo inchi. Mtu asiyefahamu hudhani kiwandani walikosea. Hawakukosea. Ikiwa unataka makunjo yalale yamegusana, ukingo wa moja umeufikia mshono wa jirani yake, ni lazima alama ya kunjo lijalo iwe mbali na sindano kwa kadiri ya upana wa kunjo mara mbili: upana mmoja ni wa nguo itakayofunikwa, na upana wa pili ni wa nusu ya kunjo jipya lenyewe. Hesabu hiyo mtungaji aliifanya mara moja, akaichonga katika chuma, ili mshonaji asilazimike kuifanya tena maisha yake yote. Akitaka makunjo yaliyogusana, huweka vijirula vyote viwili katika tarakimu moja, basi. Akitaka nafasi baina ya kunjo na kunjo, hukisogeza kijirula cha pili kushoto zaidi, kwa kadiri ya nafasi aitakayo. Bibi asiyejua hesabu za darasani hupata kipimo sahihi kama mhandisi, wala hakuna aliyemdhalilisha kwa kumfanyia kazi yake. Amepewa nyenzo, na uamuzi umebaki wake.

Jambo moja kifaa hiki hakiwezi kulifanya, nami huliona kuwa ndilo linalokipa hadhi: hakiwezi kulikunja kunjo la kwanza. Hilo sharti likunjwe kwa mkono. Mshonaji huufuata uzi wa nguo, akaikunja, akaisawazisha kwa kidole au kwa pasi, na hapo tu ndipo kifaa hupokea kazi. Kama vile safu za swala, ambapo safu ya pili huunyoosha mstari wake kwa kuitazama ya kwanza, na ya tatu kwa kuitazama ya pili, ndivyo kila kunjo linavyorithi unyoofu au upogo wa lile lililolitangulia. Chombo ni aminifu mno kiasi kwamba hakisahihishi. Kikipewa mstari ulionyooka, huurudia unyoofu huo kunjo baada ya kunjo. Kikipewa mstari uliopinda, hukariri upogo ule ule kwa uaminifu ule ule. Wapo wanaolaumu vyombo kwamba vimeua ustadi wa mikono. Hawa sijui kama wamepata kukaa mbele ya kifaa hiki, ambacho hakina pa kuanzia ila penye ustadi wa mkono.

Pwani yetu inazo cherehani za Singer tangu zama za babu zetu, na katika mabaraza ya Unguja, Lamu na Mombasa wamekaa mafundi ambao kanzu zao hazina mfano: ukiigeuza kanzu ukatazama kikwapa, taharizi na sijafu, huoni uzi uliolegea wala mshono uliokimbia. Ufundi wa mstari ulionyooka, basi, si mgeni kwetu. Hata hivyo nimewaona mafundi wengi, wenye mikono bora kuliko wengi walioandikwa vitabuni, waliopokea cherehani ya urithi pamoja na vifaa vyake vyote, wakavitumia viwili vitatu, na hiki cha makunjo wakakiacha kishikwe na kutu, si kwa uvivu, bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia kijirula cha kushoto kina maana gani. Ni hasara iliyo nyepesi kuondolewa. Mwalimu mmoja, kitambaa kimoja na alasiri moja vinatosha.

Cherehani za siku hizi zina sindano pacha na mguu wenye mifereji, na kwa hivyo hufanya vijikunjo vyembamba vilivyoinuka, kwa kuwa uzi wa bobini huvuta nyuzi mbili za juu pamoja. Ni kazi nzuri, nami siidharau. Lakini vijikunjo hivyo havilali, haviwezi kupanuka kufikia nusu inchi, haviwezi kugusana ukingo kwa mshono, wala haviwezi kufumuliwa mtoto anaporefuka vikatoa nguo ya maana. Kwa hayo, kifaa kile cha zamani hakijapata wa kukirithi katika nyumba zetu.

Anayetaka kuanza na achague melimeli au bafta, maana pamba nyembamba huishika alama. Hariri huisahau upesi, na sufu huikubali kwa shida. Aifue nguo kwanza ili iondoke wanga ya kiwandani na irudi mahali pake, kwani nguo ikirudi baada ya kukunjwa, makunjo yote hutetemeka. Atie mafuta tone moja penye egemeo la wenzo, aupanguse ulimi vizuri usije ukaacha doa juu ya nguo nyeupe, kisha ajaribu kwanza juu ya kipande: akiona alama hafifu, hukaza kidogo, akiona nguo imekwaruzwa, hulegeza. Aanze na tarakimu 2 katika vijirula vyote viwili, ambayo ni kunjo la robo inchi lililogusana na jirani yake, pana kiasi cha kuonekana vizuri na jembamba kiasi cha kupendeza. Na anapolifikia kunjo la mwisho, auinue wenzo usiguse nguo, ili pasibaki alama ya kunjo ambalo hatalishona.