Nyoka Hadaiwi Asante

Mama mwenye nyumba aliniita alfajiri kwa sauti ya mtu aliyeona maiti. Stoo, juu ya gundi ya panya aliyoitega mwenyewe, alikuwa amenasa nyoka wa kahawia, mrefu kama mkono wangu. Alikuwa amejipinda usiku kucha hadi ngozi ya ubavuni ikabanduka sehemu mbili. Kijana wa jirani alikwisha kushika jembe. Mama akanitazama, akasema, "Wewe mwanangu uliyesoma, usije ukaniambia tumwonee huruma. Nyoka hana shukrani."

Sentensi hiyo ndiyo ninayoiandikia tasnifu ya uzamili. Nimekaa mwaka mzima na hekaya za wanyama, nikichora majedwali ya nani alimwokoa nani na akalipwa nini. Sikuwahi kutakiwa nizitumie mbele ya mnyama mwenyewe, tena kuna mtu ameshika jembe.

Hekaya iliyo nyuma ya maneno ya mama tunaijua wengi tangu shule ya msingi, na hunasibishwa na Aesop. Mkulima anamkuta nyoka amekakamaa kwa baridi, anamtia kifuani, nyoka anapata joto, anamuuma, mkulima anakufa akijilaumu. La Fontaine alipoiandika upya kwa Kifaransa katika karne ya 17, mkulima alimweka nyoka karibu na moto nyumbani kwake, kisha akamkatakata kwa shoka. Anayekufa amebadilika, lakini hukumu ni ileile: mbaya hafadhiliwi.

Nimeisoma hekaya hii mara nyingi bila kuuliza swali jepesi kabisa: kwa nini kifuani? Nyoka hutegemea joto la mazingira yake. Akipoa sana hana nguvu ya kuuma wala ya kukimbia. Akiamka katikati ya nguo za mtu, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mnyama mkubwa mara mia kuliko yeye, aliyemzunguka pande zote. Kuuma kwake ni kujitetea, wala hakutuambii lolote kuhusu shukrani. Mkulima alimpa nyoka kile ambacho yeye mwenyewe angetamani apewe, yaani kukumbatiwa. Hakuuliza nyoka anahitaji nini. Hekaya inamficha mkulima mzembe nyuma ya nyoka mbaya, nasi tumekubali kwa karne nyingi.

Kukubali huko kuna gharama. Oscar Brown Jr., msanii mweusi wa Chicago na mwanaharakati wa haki za kiraia, aliigeuza hekaya hii kuwa wimbo, na Al Wilson akaupa umaarufu mwaka 1968. Katika kampeni za 2016 Donald Trump aliyasoma maneno ya wimbo huo majukwaani, nyoka akiwa mkimbizi na mhamiaji. Mabinti wa Brown walipinga. Lakini hekaya yenyewe ilikwisha kuacha mlango wazi: ukishasema kwamba kuna viumbe ambao ubaya ni asili yao, mtu yeyote anaweza kuwekwa mahali pa nyoka. Nasi hatuko mbali na hayo. Ni mara ngapi umesikia mtu akiambiwa "umefuga nyoka", na kosa la huyo anayeitwa nyoka ni kwamba ametoka kwingine?

Kwa hiyo nilipoanza tasnifu nilikimbilia upande wa pili, kwenye ngano ya Zanzibar ambayo George Bateman aliichapisha kwa Kiingereza mjini Chicago mwaka 1901. Kijana mtegaji anamwachilia nyani, kisha nyoka, kisha simba, na mwisho binadamu. Wanyama wote wanamlipa wema. Binadamu ndiye anayemsaliti, na nyoka ni mmoja wa wanaolipa. Ngano ya mtindo huu imo pia katika Panchatantra ya India na katika Kalila wa Dimna ya Waarabu, kwa hiyo imezunguka Bahari ya Hindi kwa muda mrefu. Niliipenda sana. Niliandika sura nzima kuisifu kama jibu letu kwa Aesop.

Asubuhi ile, nikiwa nimechuchumaa stoo, sura yangu ilianza kunitia mashaka. Wanyama wa ngano ile walinasa katika mtego wa nani? Wa kijana yuleyule. Yeye ndiye aliyetega, yeye ndiye aliyefungua, na yeye ndiye anayeshukuriwa. Ngano inamtetea nyoka, ila bado inamwandika kwenye daftari la madeni: anastahili kuishi kwa kuwa atalipa. Aesop alimnyima mkopo, Zanzibar ikampa. Hakuna aliyeuliza kama nyoka aliomba kukopeshwa, au mtego ulifikaje njiani kwake.

Nilimwomba yule kijana aweke jembe chini kidogo. Sikumgusa nyoka. Kuna nyoka weusi-weusi wa jamii ya Atractaspis ambao huchoma kwa jino la pembeni bila kufungua mdomo, hivyo hata kumshika nyuma ya kichwa hakukukingi. Nilimpiga picha kwa mbali, nikamtumia mzee mmoja anayekamata nyoka kwa kazi na mwenye kibali cha kuwatunza. Akaona mistari hafifu inayopita kwenye jicho, akajibu: huyu ni nyoka wa nyumbani, hana sumu, amefuata panya wenu.

Alikuja na chupa tupu, akaomba mafuta ya kupikia. Akayadondosha kidogo kidogo pembeni mwa mwili, akisubiri gundi ilegee, bila kuvuta, maana kuvuta ndiko kunakochuna ngozi. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha akamwosha, akasafisha vidonda, akaondoka naye.

Kwake, nyoka alikaa kwenye boksi lenye gazeti chini, bakuli la maji, na kipande cha kadibodi cha kujifichia. Joto liliwekwa upande mmoja tu, ili achague mwenyewe asogee au ajitenge. Siku za mwanzo hakulishwa. Nilimuuliza mzee kama nimshike kidogo, azoee watu. Akanijibu, "Mwanangu, akizoea watu tumemuua."

Alijivua gamba, na vidonda vikabaki makovu. Siku moja nilipobadilisha maji aliruka kuniuma, akagonga ukingo wa bakuli. Nakiri kwamba niliumia moyoni. Nilikuwa nimesafiri kwa daladala mbili kila Jumamosi, na mahali fulani ndani yangu nilikuwa nasubiri asante. Mkulima wa Aesop hakuwa mbali nami kama nilivyoandika.

Wiki ya sita tulimwachia usiku, kwenye vichaka vya nyuma ya nyumba zetu, kwa sababu nyoka akipelekwa mbali na maeneo anayoyajua hutaabika. Methali inasema tenda wema nenda zako. Usiku ule sisi tulibaki tumesimama na tochi, na aliyekwenda zake ni nyoka. Hakugeuka.

Sura ile naiandika upya. Sitafuti tena hekaya inayomsifu nyoka. Natafuta hata moja ambamo anaokolewa bila kuulizwa atalipa nini, na mpaka sasa sijaipata.

Mama aliniuliza, "Haya, alikushukuru?" Nikamwambia alijaribu kuniuma. Akacheka hadi akakaa chini. "Si nilikwambia!" Lakini gundi hajanunua tena. Anasema ni kwa sababu ya mafuta yake, nusu lita nzima, kwa ajili ya nyoka.