Msitu wa Dagoretti Ulivyogeuzwa Shamba

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Waiyaki, ukapita Westlands na Kangemi hadi Uthiru, unakanyaga ardhi iliyokuwa msitu mnene kabla Wagikuyu hawajaanza kuifyeka, familia baada ya familia, kigongo baada ya kigongo, wakitokea Murang'a. Msituni waliwakuta Athi, wawindaji na warina asali.

Kwingineko mgeni alianza na serikali: Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi eka 160, mradi akae na kulima miaka mitano. Hiyo nayo ilikuwa ardhi ya watu wengine, ila serikali haikuona haja ya kuwauliza. Huku Dagoretti mgeni alianza na mwenyeji. Mwathi hakumwachia ardhi mtu baki, kwa hiyo kwanza walifanyiana tambiko la udugu, kisha mbuzi wakaanza kutolewa, mara nyingi kidogo kidogo. Naiona hatua hii kuwa ya werevu kuliko zote: kila karamu ya malipo ilizidisha mashahidi.

Kufyeka kulihitaji mikono mingi. Wanaume waliangusha miti na kuchoma magogo, wanawake wakafuata kwa kulima na kupanda viazi vitamu, mtama, maharagwe. Hawakukata yote. Hapa na pale waliacha mti mkubwa umesimama, makao ya roho za miti iliyoangushwa, na upande wa Wamaasai waliacha ukanda wa msitu uwe ngome. Nyumba ilipaswa kukamilika siku moja: wanaume kwenye nguzo na kuta, wanawake kwenye nyasi za kuezekea, na pombe ya miwa ikiwangoja wasaidizi.

Mpaka ulipandwa itoka, ua lenye kitunguu chini ya ardhi. Moto ukipita, majani huteketea, kitunguu hubaki na kuchipua tena. Kwa shamba linalosafishwa kwa moto, sioni alama ambayo ingefaa zaidi. Kuing'oa kulikuwa mwiko mzito.

Mbari, yaani ukoo wa mwanzilishi, haikuwa na watu wa kutosha kwa kigongo kizima. Ikawakaribisha ahoi, wageni waliopewa mahali pa kulima bila kodi. Walisaidia kujenga, walileta pombe, walishika mikuki kulipokucha vibaya. Haki ya ardhi ilibaki kwa mbari, chini ya msimamizi wake, muramati.

Mpango huu ulitegemea kumbukumbu za watu walio hai, na ndipo ulipovunjikia. Kati ya 1897 na 1900 ilikuja sotoka, ndui na njaa kubwa. Wengi walikufa, wengine wakarudi Murang'a kwa jamaa zao, magugu yakafunika mashamba. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1902 ikakataza kuuza ardhi inayokaliwa na wenyeji kwa wakati huo. Inayokaliwa! Shamba lililopumzishwa, kichaka cha mbuzi, kigongo ambacho wenyewe wamekimbia njaa: machoni pa ofisa wa ardhi vyote hivyo vilikuwa vitupu. Itoka ilikuwepo, lakini yeye aliona ua tu.

Mwaka 1921 Jaji Barth akaifunga hoja kortini: Wagikuyu ni wapangaji wa Mfalme, wa kuondolewa apendapo. Mbari zikaanza kusimulia upya mbuzi waliolipwa na majina ya Athi waliowapokea, safari hii mbele ya makarani, na Tume ya Ardhi ya Carter ikayasikia mengi ya hayo mwaka 1932 na 1933.

Hati za ardhi zilianza kutolewa kwa wingi miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mashamba yalipokusanywa na kupimwa. Waliotambuliwa ni wale ambao mbari iliwataja kuwa wenye ardhi. Ahoi, ambao babu zao walikuwa wameangusha sehemu kubwa ya ile miti, wengi wao walitoka mikono mitupu, na Kawangware na Kangemi zikapata wapangaji.