Kabla Kinanda Hakijanyamaza

Kinanda cha umeme hakina nyuzi wala ngozi. Ukikifungua utakuta bodi, waya na vipande vyeusi vya chipu, na humo ndimo zilimo filimbi, fidla na tarumbeta zake zote. Wapo wanaokidharau kwa sababu hiyo, wakiona kwamba sauti isiyotoka kwenye mti au shaba ni ya bandia. Mimi siamini hivyo. Kila kinanda kina sauti yake, ambayo ala nyingine haiwezi kuitoa, na siku chipu zake zikifa sauti hiyo inakwenda nazo. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaojifungia chumbani na kompyuta ya kawaida wakairekodi ingali hai.

Njia za kuuhifadhi muziki wa kinanda katika kompyuta ni mbili, na zinapishana mno. Ya kwanza ni midi, iliyoanza kutumika mwaka 1983 baada ya Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits kusukuma hoja kwamba ala za watengenezaji mbalimbali ziweze kuelewana. Midi haibebi sauti hata chembe. Inabeba habari za mkono: kidole kimegonga noti gani, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, kimeiachia lini, mguu umekanyaga pedali wakati gani. Faili lake ni dogo ajabu, na noti iliyokosewa unaisogeza mahali pake bila kurudia wimbo mzima. Ni uvumbuzi mkubwa, nami nautumia kila siku. Lakini mkono peke yake hauimbi.

Mwaka 1991 ilikubaliwa orodha moja ya sauti 128, piano ikiwa ya kwanza na tarumbeta ikiwa ya 57. Namba zikalingana, sauti hazikulingana. Peleka midi ya kwaya iliyopigwa kwenye kinanda cha zamani ukaifungulie kwenye kinanda kipya: noti zote zipo, mwendo upo, ila waumini waliokua na wimbo ule watakwambia si wenyewe. Katika taarabu ya kisasa, ambako kinanda kilikuja kushika nafasi ya safu nzima ya fidla, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Mpigaji akiwa amekiseti kinanda chake noti fulani ishuke kwa robo toni, na mpangilio ule ukabaki ndani ya kinanda bila kuingia kwenye faili, chombo kingine kitaipiga noti hiyo kama piano ya kawaida, na maqamu nzima, yaani ngazi ya noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, itaharibika.

Kwa hiyo naipigia debe njia ya pili, ya kuichukua sauti yenyewe kwa waya. Kwa nyumba zetu ina baraka moja ambayo mwenye studio ya kifahari hawezi kuithamini: waya hausikii. Mvua ipige bati, bodaboda zipite, mtoto wa jirani alie, hakuna kinachoingia kwenye rekodi isipokuwa kinanda.

Kinachoweza kuingia ni umeme. Umeme wa Afrika Mashariki una mzunguko wa hezi 50, na mvumo wake unakaa chini kidogo ya noti ya kwanza ya kinanda cha noti 61. Mwenzake wa hezi 100 unaangukia karibu kabisa na noti ya G kwenye besi. Ukiusikia ukinguruma chini ya wimbo, chomoa kwanza chaja ya laptopu, uache betri ifanye kazi. Mara nyingi unatoweka papo hapo. Tundu moja dogo la laptopu nalo ni mtego, kwa kuwa limetengenezwa kwa ajili ya hedifoni na maiki yake, na sauti nene ya kinanda ikipita humo inabanwa na kukwaruza. Kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB, hata ya bei ya chini mradi iwe na tundu la laini la stirio, inaondoa taabu hiyo, nayo inachukua kulia na kushoto mbalimbali.

Kisha kuna kiwango cha sauti. Katika kompyuta desibeli sifuri ndiyo dari. Sauti ikiifikia inakatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Fundi mzuri hutafuta sauti kali kuliko zote, akaipiga kwa nguvu zake zote, akashusha mpaka kilele kibaki desibeli 10 hivi chini ya dari. Mwangwi huuzima, maana waweza kuongezwa baadaye lakini kuuondoa ni shida.

Hapo ndipo kazi ninayoipenda inapoanza: kuchukua noti moja moja, ili kinanda kizima kije kuchezeka ndani ya kompyuta. Mtu asiyeijua atadhani inatosha kupiga kila noti mara moja, kisha programu ipandishe na kushusha ukubwa wake. Haitoshi. Chukua Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyojengwa juu ya ugunduzi ambao John Chowning aliufanya katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: wimbi moja la sauti linalitikisa jingine, na katika mtikisiko huo rangi mpya zinazaliwa. Katika sauti yake ya piano ya umeme, kidole kikishuka kwa nguvu hakiongezi ukubwa tu, kinaongeza pia mtikisiko, na noti inakuwa na makali ya kengele ambayo kwenye mguso mwepesi hayapo kabisa. Noti laini ukiivuta mpaka iwe kubwa haiwi noti iliyogongwa. Ni sharti uzirekodi zote mbili, na ya katikati yake.

Noti 61 kwa nguvu tatu ni rekodi 183, za sauti moja tu. Waweza kuruka, ukachukua moja katika kila noti tatu, zikabaki 63, na programu ikazinyoosha zijaze mapengo. Kwa besi nakubali. Kwa piano nasikia viungo vyake, hasa noti za juu, nami naona afadhali kuzipiga zote. Kila moja iachwe ife yenyewe, mpaka mwisho kabisa, mkono ukiwa umetulia. Anayekata mkia wa noti kwa haraka atakuja kuukosa pale wimbo wa polepole utakapouhitaji.

Nafasi ya kuhifadhi si kisingizio tena. Dakika moja ya stirio, kwa vipimo 44,100 kila sekunde kama kwenye sidii, inachukua megabaiti 10 hivi. Itunze hivyo hivyo katika wav, mp3 ibaki kwa kutumiana kwenye simu. Kila faili lipewe jina la kinanda, namba ya sauti, noti na nguvu yake.

Na vinanda vya kuanza navyo tunavijua: vile vya makanisani na vya vikundi vya taarabu vilivyopigwa miaka mingi, mpira wa chini ya vibonyezo umeanza kuchoka, noti mbili tatu hazijibu mpaka zigongwe kwa nguvu. Noti zinazojibu zichukuliwe kwanza.